Mtoto anaanza fomu wani? Shughulika na lugha kwanza

Januari ikifika kila nyumba yenye mtoto aliyefaulu la saba inakimbizana na vitu vilevile, sare, viatu vyeusi, kaunta buku za kwaya mbili na kwaya tatu, mkebe, rimu ya karatasi, fagio, na shule zingine wanataka na jembe juu. Nunua tu, ndo fomu ya kujiunga ilivyoandika, hakuna ujanja hapo. Ila mimi nimesimamia wadogo zangu wawili kuanzia fomu wani, wote shule ya kata, dei, hapahapa Dar, wa kwanza nilimharibu mwenyewe kwa kutojua na wa pili tukaenda vizuri, na kilichowatofautisha haikuwa akili wala tuisheni, ilikuwa lugha.

Fikiria mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, sayansi Kiswahili, hesabu Kiswahili, alafu asubuhi moja anaingia darasani kila kitu Kiingereza, ukitoa somo la Kiswahili lenyewe na kingine kidogo. Shule nyingi zinawapa wiki kadhaa za mwanzo za kuwapasha Kiingereza kabla ya kuanza silabasi, lakini wiki ni wiki jamani, zinaisha mtoto ndo kwanza anazoea kusema "may I go out". Kama wako katoka ingilishi midiamu haya hayamhusu sana, nenda moja kwa moja kwenye mambo ya muda huko chini.

Yule wa kwanza nilikuwa namkuta usiku anapiga msuli balaa, anatembea sebuleni daftari mkononi, "matter is anything which occupies space and has mass", neno kwa neno kama anasoma dua. Nikasema huyu moto. Siku moja nikamuuliza tu nikiwa nakunja nguo, hiyo mass ni nini? Akanyamaza, akaangalia dari, akaniambia, "Dada, si misa? Ya kanisani?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, alafu nikaumia, mana huyu mtoto darasa la sita alikuwa anajua tungamo, anajua ujazo, ukimpa kokoto na maji anakupimia. Kitu kilikuwepo kichwani muda wote, kimebadilishwa jina tu na hakuna aliyemwambia, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kwahiyo kwa wa pili nilianza hivi. Chukua daftari dogo la kawaida, sio kaunta buku, piga mstari katikati ya kila ukurasa, kushoto neno la Kiingereza, kulia neno lile alilolijua shule ya msingi. Force ni kani. Mass tungamo, volume ujazo, photosynthesis ni ileile usanisinuru iliyomsumbua kuitamka. Kwenye hesabu ndo utafurahi mwenyewe, prime numbers ni namba tasa, odd ni witiri, even ni shufwa, LCM ni KDS, kigawe kidogo cha shirika, na HCF ni KKS, kigawo kikubwa cha shirika. Ukifungua kitabu cha hesabu cha fomu wani utakuta mwanzo mwanzo ni namba, sehemu, desimali, asilimia, vipimo, yani vitu anavyovijua toka la tano, sasa mtoto akishagundua hilo uso unabadilika kabisa, anaacha kuogopa. Na ndio mana nasema madaftari na vitabu vya la sita na la saba msiwape wauza karanga wakafungie, viweke mpaka mwaka uishe.

Maneno matano au sita kwa siku yanatosha, yatoke kwenye notsi za siku hiyohiyo, usimkalishe na kamusi akariri kuanzia A. Alafu jioni muulize. Hapa wazazi wengi wanakimbia, "mimi Kiingereza sijui nitamsaidiaje", mama yetu naye alisema hivyohivyo. Mama muulize kwa Kiswahili! Leo mmesoma nini baiolojia, haya nieleze na mimi nielewe. Mama alikuwa anachambua mchicha dogo anamweleza seli, na pale anapoanza kung'ang'ania maneno ya Kiingereza bila kuweza kuyafafanua, basi hapo hajaelewa, weka alama kwenye daftari kesho amuulize mwalimu. Akishaweza kueleza kwa Kiswahili ndo anaandika sentensi mbili tatu za Kiingereza chake mwenyewe, hata kikiwa kibovu, kitanyooka. Kukariri maneno ya mwalimu kunamsaidia kwenye swali la kujaza nafasi tu, swali likigeuzwa kidogo anatoka kapa.

Kitu kingine ambacho hakifundishwi popote ni maneno ya maswali yenyewe. Define, mention, state, outline, explain, differentiate. Mdogo wangu wa kwanza mtihani wa Machi kwenye jiografia aliulizwa atofautishe weather na climate, akaeleza hali ya hewa vizuri kabisa, mistari sita, climate hakuigusa, akapewa nusu ya maksi na akalia kwamba mwalimu anamchukia. Hakujua kwamba differentiate inataka vitu viwili viwekwe ubavu kwa ubavu. Na explain akiijibu kama mention, anataja vitu vinne kwa neno mojamoja, anapoteza maksi wakati jibu analijua. Bandika haya maneno ukutani kwenye kikaratasi, kila moja na maana yake kwa Kiswahili, ni kazi ya jioni moja.

Muda sasa. Mtoto wa dei Dar anaamka saa kumi na moja alfajiri, anagombana na makonda wasiotaka wanafunzi, anasimama njia nzima, anarudi saa kumi jioni kachoka na saa zingine hajala, alafu tunataka asome masaa matatu usiku, thubutu. Kwetu ilikuwa saa moja na nusu basi, nusu saa kupitia notsi za leo na yale maneno, saa nzima hesabu na homuweki, saa tatu usiku kitandani. Ila saa moja na nusu hiyo iwe yake kweli. Na hapa niseme ukweli, kama ni binti tunamwibia muda wake bila kujijua, vyombo, maji, mtoto mdogo, chakula cha usiku, mpaka anakaa na daftari saa nne anasinzia, alafu kaka yake kakaa anaangalia mpira. Gaweni kazi. Na mchango wa chakula cha mchana shuleni kama upo lipeni mapema kuliko hata tuisheni, mtoto mwenye njaa kipindi cha saa saba hakisikii.

Tuisheni mimi siipingi ila fomu wani kumpeleka masomo yote tisa ni kumchosha na kumaliza hela. Kiingereza na hesabu, basi, tena kwa mwalimu anayesahihisha madaftari, sio ukumbi wa watoto themanini wanakopi ubaoni. Ile prifomu wani ya kuanzia Septemba wakimaliza la saba ni nzuri ikiwa wanafundisha lugha, wengi wao wanakimbiza topiki ili mtoto aende Januari anajidai ameshasoma, alafu akifika darasani hasikilizi.

Kama kuna simu janja nyumbani hata moja, kuna vitu viwili vya bure watu hawavitumii. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada vimo, kwahiyo habari ya "shule kitabu kimoja watu kumi" angalau inapungua. Cha pili NECTA, baraza la mitihani, mbali na matokeo wanaweka taarifa za uchambuzi wa majibu, za kidato cha pili na cha nne, somo kwa somo, wanaonyesha swali, wanasema watahiniwa wengi walikosea wapi, na wanakuwekea mpaka picha ya jibu zuri na jibu baya kwa mwandiko wa mwanafunzi mwenyewe. Mimi ile ndo iliyonifungua macho, ukisoma utakutana na malalamiko ya lugha kila mahali. Pasti pepa bila ile taarifa ni nusu ya faida.

Alafu kuna ugonjwa unaanza mwezi wa nne hivi, "mimi hesabu nimeachana nayo", "fizikia ya watu wa sayansi". Usicheke. Divisheni ya fomu foo inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, pointi zikiwa chache ndo bora, na divisheni wani inaishia pointi 17. Mtoto anayesusa masomo matatu toka fomu wani anabaki hana cha kuchagua, na kabla hata ya huko kuna upimaji wa fomu tuu mwezi wa Novemba ambao asiyefikia kiwango anarudia darasa. Msimtishe nayo kila siku, mwoneshe hesabu yake mara moja kwenye karatasi, ajumlishe mwenyewe.

Shuleni nendeni kabla hamjaitwa. Mwezi wa pili hivi, dakika kumi tu, mwone mwalimu wa darasa, muulize mtoto anakaa dawati la ngapi, anauliza maswali au amekuwa bubu. Nilipoenda kwa yule wa pili niliambiwa ni mpole sana, mpole! Nyumbani hatulali kwa mdomo wake. Alikuwa anaogopa kuchekwa Kiingereza chake, mwalimu akamruhusu aulize kwa Kiswahili baada ya kipindi, tatizo likaisha.

Likizo ya Juni mpe tena mtihani wa hesabu wa Machi, uleule, bila kumwambia, umkalishe mezani na saa. Asahihishe mwenyewe. Yale anayokosa mara ya pili ndo ya kufanyia kazi hiyo likizo, mengine mwache akacheze.