Mtoto mwenye usonji akikataa mswaki
Mzazi mwenzangu, mtoto mwenye usonji akikaza midomo ukimletea mswaki, usimshike kwa nguvu. Mara nyingi kinachomkera ni ukali wa mnanaa au povu linalomjaa mdomoni. Tafuta dawa ya meno isiyo na ladha wala povu, ila iwe na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze; chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Simama nyuma yake mbele ya kioo, mswaki uwe laini, mhesabie taratibu moja hadi kumi, kisha uache hapohapo hata kama hujamaliza. Akishajua kuna mwisho, huvumilia zaidi. Na akianza ghafla kujipiga shavuni au kukataa chakula, tafadhali, mwangalie meno kwanza. Huenda jino linamuuma na hana namna ya kusema.