Uji wa ulezi ulioota kwa mwenye upungufu wa damu

Kabla ya kununua ulezi, pima damu. Mjamzito mwenye himoglobini (chembe ya damu inayobeba oksijeni) iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita moja ana upungufu, na akiandikiwa vidonge vya madini ya chuma hana budi kuvimeza kama alivyoelekezwa, kwa kuwa uji huu husaidiana na dawa, haushiki nafasi yake. Mwenye selimundu asijiongezee madini ya chuma bila ushauri wa daktari wake.

Hatua ya 1. Pepeta ulezi, uoshe mpaka mchanga uishe, kisha uloweke usiku mzima.

Hatua ya 2. Chuja, tandaza punje juu ya kitambaa safi chenye unyevu, funika, na unyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu vitatokeza vijimizizi vyeupe, vyembamba kama uzi. Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo inayorukwa na wengi: nafaka ina faiteti, ambayo hushikamana na chuma kisifyonzwe na mwili, na punje inapoota huanza kuivunja. Ukiona ukungu au ukisikia uvundo, mwaga yote. Usifanye hivi kwa mtama, kwani machipukizi yake yana kemikali inayotoa sianidi.

Hatua ya 3. Anika juani mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa mlio, fikicha mizizi kwa viganja, pepeta, usage.

Hatua ya 4. Koroga unga kwa maji baridi, bandika, uchemshe vizuri. Uji utakuwa mwepesi na mtamu kidogo, kwa sababu kimea, yaani nafaka iliyoota, hugeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana kikombe kimoja huweza kubeba unga mwingi kuliko uji wa kawaida, na ndiyo maana simshauri mwenye kisukari autumie.

Hatua ya 5. Epua, uache uwe vuguvugu, ndipo ukamulie limau au ukoroge kijiko cha unga wa ubuyu. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa, lakini huharibiwa na moto.

Chai na kahawa zikae mbali na uji huu, walau saa nzima kabla na baada. Nimewaona kina mama wakitimiza hatua zote kwa uangalifu, kisha wakashushia na chai ya rangi, na tanini ya chai ikazuia kile kile walichokihangaikia siku nne.