Sola na gari la umeme hapa Tanga: anza na risiti za LUKU

Kabla hujaenda Ngamiani kuulizia bei ya paneli, chukua risiti zako za LUKU (umeme wa kulipia kabla) za miezi mitatu uziangalie, maana jibu lote liko humo. Kama shilingi 9,150 inakupa uniti 75 upo kwenye ile tarifu ya chini, uniti moja inakuja 122 na kodi zake, ila kama elfu kumi inakupa uniti 28 hivi basi uko ile ya kawaida, karibu 357 kwa uniti. Ile 1,500 ya kodi ya jengo itoe pembeni kwanza isikuchanganye.

Sasa hesabu vitu vyako. Taa tano za wati 9 masaa matano, tv wati 50 masaa matano, feni wati 60 usiku kucha (joto la Tanga unalijua mwenyewe) na kuchaji simu, hapo ni kama uniti moja (wati-saa 1,000) kwa siku, yani 30 kwa mwezi. Jua letu ukilihesabia masaa matano mazuri na ukatoa kinachopotea njiani, paneli ya wati 300 inatosha. Haya, tuseme mtambo wote umekutoka milioni moja: ukiwa tarifu ya chini unaokoa kama 3,700 kwa mwezi, hela inarudi baada ya miaka 22 na betri ishakufa zamani! Tarifu ya kawaida ni kama miaka minane. Kwa hiyo wa tarifu ya chini nunua sola kwa ajili ya umeme kukatika tu, usidanganywe eti unabana matumizi.

Betri ndo inapokula hela. Gel ya 12V 100Ah ina wati-saa 1,200 ila usiitumie zaidi ya nusu, mimi fundi aliniambia funga na friji haina shida, miezi kadhaa tu betri ikawa ya kuwekea mlango usijifunge. Lithiamu bei imechangamka lakini unaitumia karibu yote.

Kufunga: sisi tuko kusini ya ikweta kidogo, kwa hiyo paneli itazame kaskazini, ilale kama nyuzi 10 mvua iioshe. Walio karibu na bahari, Raskazone na kule, nati ziwe za stenlesi, chumvi haina huruma.

Gari la umeme sasa. Nissan Leaf inakula kama uniti 17 kwa kilomita 100, ni kama 6,000 kwa tarifu ya kawaida, wakati kigari kinachokula lita 6 kwa umbali huohuo, petroli ukiiweka buku tatu kwa lita, ni 18,000. Tamu eeh? Ila ukitembea kilomita 500 kwa mwezi umeshakula uniti 85 za gari peke yake, umeshazipita zile 75, tarifu ya chini kwaheri, na nyumba nzima itahamia bei ya juu. Na usifikirie kulichaji kwa ile paneli yako ya wati 300, chaja ya soketi ya kawaida inavuta wati 2,000 na zaidi kwa masaa, utaua inveta (kile kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) bure, chaji kwa TANESCO tu.

Ukinunua lililotumika washa uangalie vile vistari vya afya ya betri pembeni ya dashibodi, vikiwa vizima ni 12. Betri ya hizi Leaf za zamani haina mfumo wa kuipoza, joto linaimaliza, kwa hiyo lenye vistari 8 liache hapohapo yadi hata kama rangi inang'aa vipi.