Jinsi ya kupiga picha fataki za mwaka mpya zinazorushwa kutoka kilele cha Pikes Peak

Jamani picha nyingi za fataki za Pikes Peak ninazoziona kila Januari zina tatizo lilelile, giza tupu halafu katikati kuna kanukta kekundu, na mwenye picha analalamika lenzi yake mbovu. Lenzi haina shida. Umbali ndo umemshinda kwa sababu hakuupigia hesabu mapema.

Kwa asiyezijua hizi fataki, kule Colorado, Marekani, kuna klabu inaitwa AdAmAn, ilianza mwaka 1922 na wanaume watano waliopanda mlima huu wa Pikes Peak mkesha wa mwaka mpya, na tangu hapo kila mwaka wanaongeza mwanachama mmoja tu, ndo maana ya jina lenyewe, kwa Kiingereza "add a man", ongeza mtu. Wanapanda kwa miguu siku mbili, tarehe 30 na 31 Desemba, kwa njia ya Barr Trail, wanalala Barr Camp katikati ya safari, kesho yake wanamalizia, na saa sita kamili usiku wanarusha fataki kutoka kileleni, mita 4,302 juu ya usawa wa bahari, huku upepo na baridi vinawachapa. Mi nikiwafikiria wale watu kule juu naona kabisa ni deni, mtu uliye chini na koti lako zito huna sababu ya kuleta picha ya hovyo.

Sasa hesabu yenyewe. Kutoka katikati ya Colorado Springs, mji ulio chini ya mlima, mpaka kileleni ni kama kilomita 19 ukipima moja kwa moja. Chukulia fataki moja imepasuka ikatanuka mita 200, kwa lenzi ya milimita 200 (namba ikiwa kubwa lenzi inavuta zaidi) hiyo fataki itakaa kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha, kama milimita 2 tu, na sensa ya fremu kamili, ile kubwa, ina upana wa milimita 36. Kwa lenzi ya 24 inabaki robo milimita. Ya simu usiniulize. Kwa hiyo unaamua kabla hujatoka nyumbani, ama uende na lenzi ya 400 ukivute kilele chenyewe, ama ukubali kwamba hii ni picha ya mlima na fataki ni taji lake, utumie 85 mpaka 135, uweke taa za mji chini na mlima mzima juu yake. Mi niko upande wa pili moja kwa moja. Fataki zilizovutwa sana bila mlima zinafanana na fataki za uwanja wowote ule wa mpira, hakuna anayejua zimetoka wapi.

Sehemu ya kusimama itafute mchana. Mlima uko magharibi mwa mji, so jioni jua linazama upande huohuo na unauona mgongo wote wa mlima umejichora, hapo ndo unajua nguzo ya umeme iko wapi, mti uko wapi, na ile taa ya barabarani itakayokuja kukumulika kwenye lenzi ikishawaka. Soma na kibao cha saa za kufunga kama ni paki, yaani bustani ya umma, nyingi zinafungwa usiku kabla ya fataki. Usisimame ukingoni mwa barabara, usiku ule kuna madereva wanaangalia mlima badala ya njia. Kama umewahi mchana tarehe 31 angalia juu pale miti inapoishia, wapandaji huwa wanamulika vioo kuusalimia mji, na kakimetameta kale kanakuonyesha njia yao inapita upande gani.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi wanalipuuza na mi naona ndo siri yote. Saa tatu usiku wanarusha fataki tano tu, heshima kwa wale watano wa mwanzo. Watu wanaziangalia wanapiga makofi wanarudi ndani. Wewe usirudi! Hizo tano ndo mazoezi yako, zinakuonyesha zinatokea upande gani hasa wa kilele, zinapanda mpaka wapi, na mwanga wake unaingiaje kwenye seti ulizoweka kwenye kamera. Kilele cha Pikes Peak ni kipana, ukikisia unaweza kukosea kabisa. Piga hizo tano kwa seti tofauti, kuza picha kwenye skrini, rekebisha fremu, na ukishaipata usiguse tena tripodi mpaka saa sita.

Seti za kuanzia, na hapa tunaachana na maelekezo ya fataki za karibu. Za karibu watu wanatumia ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga) na f/8 au f/11 (f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Kwa kilomita 19 hiyo ni giza, mwanga unaokufikia ni kidogo mno, so fungua mpaka f/4 au f/5.6, ISO 400, na shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, sekunde 3 au 4. Ukiona kiini cha fataki kimekuwa cheupe pee bila rangi, shusha ISO, usifupishe shata, maana ukifupisha unakata ile michirizi inayoning'inia na ndo uzuri wake. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Rangi ya mwanga iweke mwenyewe, kama 4000K hivi (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), usiiachie kamera ichague maana kila picha itatoka na rangi yake. Zima kipunguza mtikisiko kama uko kwenye tripodi, zima na ile ya kusafisha chengachenga za picha za shata ndefu, kwa sababu kila ukipiga sekunde 4 kamera inakaa sekunde 4 nyingine inajishughulisha yenyewe na fataki zinapita. Tumia rimoti, ile taima ya sekunde mbili itakuchelewesha. Na usisubiri mlio ndo ubonyeze, sauti kwa umbali ule inachukua karibu dakika nzima kukufikia, kama ikifika.

Mlima wenyewe utaonekana? Inategemea mwezi. Kukiwa na mwezi mpevu na theluji ipo, sekunde 4 mpaka 8 zinatosha kuutoa mlima wote mweupe, na majira ya baridi mwezi mpevu usiku wa manane unakuwa juu sana kwa hiyo unamulika vizuri. Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utakuwa mpevu, mi nimeshaandika kwenye kalenda. Bila mwezi piga picha moja ya mlima peke yake, sekunde 20 au 30, muda mfupi kabla ya saa sita na tripodi ikiwa palepale, uje uiunganishe na za fataki kwenye kompyuta. Nyota zitavutika kidogo, si mbaya.

Fokasi ni ya mkono. Kuza nyota au taa ya mbali kwenye skrini, zungusha taratibu mpaka iwe ndogo kabisa, ukipita inaanza kuvimba tena, rudi. Lakini fanya hivyo baada ya kamera kukaa nje nusu saa au zaidi, chuma na vioo vikipoa fokasi inahama, ukiiweka ukiwa bado na joto la nyumbani saa sita utakuta ukungu tu. Ukimaliza bandika selotepu kwenye pete ya lenzi.

Baridi sasa. Betri itakuonyesha asilimia 40 halafu inazima ghafla, so beba mbili za ziada ndani ya koti, karibu na kifua, si kwenye begi. Iliyozima usiitupe, ipashe joto mfukoni, mara nyingi inarudi. Vaa glavu nyembamba chini na nene juu, ukibonyeza unavua ile ya juu tu. Usipumulie karibu na lenzi, pumzi inaganda kwenye kioo na usiku huioni. Miguu ya tripodi isindilie kwenye theluji mpaka ikute kigumu, maana theluji inashuka taratibu na fremu yako inashuka nayo. Gari ni kinga nzuri ya upepo ila zima injini, mtetemo wake na joto la boneti vyote vinaharibu picha, na usipige juu ya mabati au bomba la moshi la nyumba ya jirani kwa sababu hewa ya moto inafanya mlima ucheze.

Zikianza, piga mfululizo na uangalie kwa macho yako, sio skrini. Upepo wa kileleni mara nyingi unafagia moshi haraka, kwa hiyo hata za mwishomwisho zinatoka safi. Kamera kabla hujaingia nayo ndani ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ukaze vizuri, uiache humo masaa mawili hivi ipate joto polepole, la sivyo inajaa maji mpaka ndani ya lenzi. Memori kadi itoe kwanza kabla ya kufunga mfuko, maana najua huwezi kusubiri masaa mawili kuziona.