Kuchagua darubini ya bunduki ya kufungia kifaa cha kuonea usiku

Anayewinda nguruwe mwitu huko Texas anaweza kutumia darubini ileile mchana na usiku: giza likiingia, anafunga kifaa cha kuonea usiku mbele ya lenzi yake na kuendelea na kazi. Jimbo hilo linaruhusu kuwawinda usiku katika ardhi binafsi, na tangu Septemba 2019 aliyepewa ruhusa na mwenye shamba hahitaji leseni ya uwindaji. Tatizo ni kwamba darubini inayosifiwa dukani, yenye ukuzaji mkubwa na alama nyembamba ya shabaha, ndiyo inayosumbua zaidi usiku.

Kifaa cha mbele chenyewe hakikuzi. Kile cha joto, kinachoona joto la mwili badala ya mwanga, huchora picha kwenye skrini ndogo, na darubini ndiyo inayoikuza skrini hiyo. Ukipandisha hadi mara 12 huongezi kinachoonekana. Unaona pikseli tu, na eneo la kutazama linabana. Kifaa chenye kihisi cha pikseli 384 kwa upana hufanya vizuri kati ya mara 2 na 4 hivi. Cha 640 huvumilia hadi 6, pengine 8. Kwa hiyo angalia namba ndogo ya darubini kabla ya kubwa. Ya 2.5–10, yaani inayokuza kuanzia mara 2.5 hadi 10, inafaa. Ya 5–25 huanzia pale ambapo kifaa cha 384 kimeshachoka. Ukishuka hadi mara 1 nako utauona ukingo wa kifaa ukiizunguka picha kama duara jeusi.

Lenzi ya milimita 56 haiongezi nuru hapa, kwa sababu mwanga wote unatoka kwenye kioo kidogo cha nyuma cha kifaa. Milimita 42 au 50 zinatosha, na uzito unapungua.

Alama ya shabaha iwe ile isiyobadilika ukubwa unapozungusha ukuzaji. Ile inayokua pamoja na picha hugeuka uzi mwembamba ukiwa mara 3, na ndipo utakapokuwa usiku mzima. Iwe na taa inayoshuka hadi kufifia kabisa. Taa kali hufunika mnyama aliye mbali.

Paralaksi, yaani kurekebisha darubini ili picha iwe wazi na alama isihame jicho linaposogea, huwachanganya wengi. Kifaa kikiwa mbele, gurudumu la pembeni la darubini haling'arishi (haliweki wazi) tena mnyama, linang'arisha skrini. Fuata mpangilio huu: kwanza, mchana na bila kifaa, elekeza darubini kwenye anga tupu na uzungushe kipande cha jicho hadi alama ionekane wazi. Kisha funga kifaa na uzungushe paralaksi hadi maandishi ya skrini yasomeke. Baada ya hapo mnyama akiwa na ukungu, zungusha pete ya kifaa chenyewe, usiguse darubini. Darubini yenye paralaksi iliyofungwa kwenye mita 100 au yadi 100 kwa kawaida hufaa pia.

Hasara kubwa hutokea kwenye kipimo cha adapta, pete inayofunga kifaa kwenye mdomo wa mbele wa darubini. Namba 50 iliyoandikwa kwenye darubini ni ya kioo, si ya chuma kinachokizunguka; kwa nje mara nyingi ni milimita 56 hadi 60. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), sehemu mbili, karibu na ukingo na sentimita mbili nyuma yake. Vipimo vikitofautiana, mdomo huo umechongoka na adapta itateleza kila bunduki inaporudi nyuma. Angalia pia nafasi kati ya mdomo na mtutu: adapta ina unene wake, hivyo acha angalau milimita 8, ikibidi kwa pete ndefu zaidi. Usikaze kupita kiasi, maana paralaksi hukwama na lenzi hubanwa. Kifaa kinachozidi gramu 600 hivi ni heri kikae kwenye reli ya bunduki kuliko kuning'inia kwenye darubini.

Ukishafunga, piga risasi 5 kwenye mita 100 bila kifaa, kisha 5 ukiwa nacho. Kiondoe, kirudishe, piga tena. Kundi la matundu likihama kila mara kwa kiasi kilekile, sahihisha ndani ya menyu ya kifaa, usiguse vifundo vya darubini vya kurekebishia shabaha. Likihama ovyo, adapta ndiyo mbovu.

Kifaa cha kufunga nyuma, kwenye kipande cha jicho, ni habari nyingine. Hakiwezi kuwa cha joto, kwa sababu mionzi ya joto haipiti kwenye kioo cha darubini. Hutumia kamera na taa ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni vizuri, na hapo gurudumu la paralaksi ni lazima, kwa kuwa kamera hung'arishwa kwa alama na darubini kwa mnyama. Taa ya nanomita 850 hufika mbali kuliko ya 940. Kifaa hukusukuma kichwa nyuma, basi sogeza darubini mbele kadiri reli inavyoruhusu.

Kutafuta wanyama fanya kwa kifaa cha mkononi, kamwe si kwa bunduki: kwenye picha ya joto ndama, mbwa na mtu aliyeinama huweza kufanana na nguruwe. Na kama unasafiri kutoka Marekani kwenda nyumbani, kiache kifaa. Kukitoa nchini bila kibali cha usafirishaji kunaweza kukufikisha mahakamani.