Kabla hujapanda KQ (Kenya Airways): jinsi ya kuangalia ndege zao na rekodi ya ajali mwenyewe

Kila nikisema nasafiri na KQ lazima mtu aulize "hizo ndege zao si zimezeeka?" na mimi huwa najibu umri sio swali la kwanza. Ngoja nikuonyeshe navyofanya, simu yako tu inatosha.

Anza na aina ya ndege. Ukiwa unakata tiketi onlaini fungua maelezo ya safari, utaona kitu kama 788, hiyo ni Boeing 787-8, Dreamliner, ya safari za mbali kama London na New York. 738 ni Boeing 737-800. E90 ni Embraer 190, ile ndogo ya siti mbili kwa mbili, hakuna kubanwa katikati (naipendea hapo tu). Dreamliner ya kwanza ilitua Nairobi Aprili 2014.

Lakini ndege hubadilishwa dakika za mwisho, so siku ya safari weka namba ya flaiti kwenye Flightradar24, app ya kufuatilia ndege zikiwa angani, upate usajili, yaani namba ya utambulisho wa ndege yenyewe. Wa Kenya unaanza na 5Y, Tanzania 5H, Uganda 5X. Ukikuta wa nchi nyingine huenda ndege imekodiwa, si lazima iwe mbaya ila uliza nani anairusha. Herufi hizo hizo zimechorwa karibu na mkia, ukikaa dirishani pale unaposubiri kupanda unazisoma.

Sasa ingia Aviation Safety Network, tovuti inayoweka rekodi za ajali za ndege, utafute ajali za kampuni, na hapa usiwe na haraka. KQ ina mbili kubwa. 5Y-BEN, Airbus A310 ya 1986, ilianguka baharini Abidjan, Ivory Coast, tarehe 30 Januari 2000, wakafa 169 wakapona 10. 5Y-KYA, Boeing 737-800, ilianguka Douala, Cameroon, tarehe 5 Mei 2007, wakafa wote 114, na hiyo ilikuwa na miezi kama sita tu tangu itoke kiwandani, bado mpya kabisa! Soma ripoti zote mbili uone zinavyofanana: usiku, ndege ndo imetoka kuruka, nje giza tupu. Abidjan kengele ya kwamba ndege inapoteza nguvu ya kupaa ililia kimakosa, rubani akashusha pua na chini ni maji. Douala ndege ililalia kulia polepole, kapteni akataka otopailoti (mtambo wa kuirusha ndege yenyewe) lakini haikuwashwa na hakuna aliyehakikisha. Kwa hiyo ukisoma ripoti tafuta chanzo, na mafunzo ya marubani, mwaka wa kutengenezwa utakuambia kidogo sana.

Mwisho pitia orodha mbili. Ya kwanza ni ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yaliyozuiwa kwenda kwao, na angalia jina la shirika NA la nchi, maana Air Tanzania waliingizwa Desemba 2024 halafu Juni 2025 yakafuata mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, shida ikiwa ni usimamizi wa mamlaka ya anga ya nchi yenyewe, hata wale ambao hawajawahi kuangusha ndege wakabebwa humo. Ya pili ni ya IOSA, ukaguzi wa usalama wa IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani) ambao lazima urudiwe, kwa hiyo angalia tarehe ya kuisha.

Na ukikuta "ilirudi uwanjani baada ya kuruka", hiyo usiihesabu kama ajali. Rubani aliyeona taa ya onyo akageuza, mi huyo nampanda hata kesho.