Kabla Hujaingia Darasa la Isimu: Mambo ya Kuweka Tayari Ukiwa Mombasa

Kila mwaka hakosi mtoto wa jirani au wa binamu anayenijia na swali lile lile. Amepata nafasi chuoni, kwenye orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza ameona neno Isimu, na anataka kujua anunue kitabu gani. Humwambia asinunue kitu kwanza. Vitabu vipo na vitangoja. Kuna mambo mengine ya kuweka tayari, na mengi hayauzwi dukani.

Tayarisha kwanza jibu la barazani. Ukishasema unasomea isimu utaulizwa, "Kwa hiyo unajua lugha ngapi?" Usione haya kusema mbili au tatu. Isimu haikufundishi kusema lugha nyingi. Inakufundisha kuchunguza lugha ni kitu gani, imejengwaje, na imekuwaje kila binadamu akaipata bila kwenda shule. Fundi wa magari si lazima awe dereva wa masafa; kazi yake ni kujua kwa nini injini imezima.

Jambo la pili ni kuacha kalamu nyekundu nyumbani, na hili nitalikalia, maana ndilo lililonisumbua mwenyewe. Nikiwa darasa la nne niliandika insha ya sikukuu ya Idi, nikasema tulikwenda Marikiti kununua mtele. Mwalimu akalikata neno kwa wino mwekundu, akaisoma insha mbele ya darasa, watoto wakacheka. Jioni nikamkuta bibi yuko uani anapeta mtele ule ule kwenye ungo, anauita mtele, wala hana habari kwamba amefeli.

Ilinichukua miaka kuelewa kuwa bibi alikuwa na kanuni yake, tena kanuni imara. Panga maneno pande mbili. Upande wa Kiswahili sanifu weka macho, mchele, chini, kichwa, mchanga. Upande wa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, weka mato, mtele, tini, kitwa, mtanga. Palipo na ch huku, kule pana t. Hapo wanafunzi wengi hufurahi, wakafunga daftari. Usifunge. Jaribu neno chakula. Hakuna mzee wa Kibokoni atakayekwambia takula, wala chumba hakiwi tumba, wala chuo hakiwi tuo. Sababu ni kwamba ch ya chakula haina asili moja na ch ya mchele. Ile ya chakula ni kiambishi ki- kilichokutana na irabu, na ushahidi uko kwenye wingi: vyakula, vyumba, vyuo. Mchele hauna habari na ki- yoyote. Kwa hiyo anayesema watu wa Mombasa "hugeuza ch kuwa t" hajamaliza hesabu. Hawageuzi kitu. Lahaja mbili zimerithi sauti za kale, kila moja ikazipeleka njia yake, na mzee asiyejua kusoma huzitenganisha ch hizo mbili bila kukosea hata siku moja.

Sasa kwa nini mtele ukawa kosa darasani? Hapo ujue historia kidogo. Mmisheni Mjerumani, Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844, na Kiswahili alichokiandikia sarufi na kamusi ni cha hapa. Wamisheni wa Unguja nao wakaandika cha kwao. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano, na ulifanyika Mombasa hii hii, ukaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika Afrika Mashariki. Kamati ya kusimamia kazi hiyo ikaanza mwaka 1930. Ulikuwa uamuzi wa utawala. Haukupima lahaja ipi ina mantiki zaidi, kwa sababu kipimo cha namna hiyo hakipo. Sanifu ina kazi yake, na mtihani utaufanya kwa sanifu. Ila ukiingia darasa la isimu ukidhani kazi yako ni kusahihisha watu, utapoteza muhula mzima.

Jambo la tatu: tenganisha herufi na sauti kabla mwalimu hajakutenganishia. Katika ng'ombe kuna herufi mbili na alama mwanzoni, lakini mdomo unatoa sauti moja tu. Hilo ni rahisi. Gumu zaidi ni sauti mbili zinazoandikwa kwa herufi moja. Chukua kipande cha tishu, kishikilie mbele ya midomo, umbali wa vidole viwili. Mwombe mtu aliyelelewa kwa Kimvita aseme paa, lile la nyumba. Tishu itatikisika kidogo tu. Kisha aseme paa, yule mnyama wa porini. Tishu itaruka. Mnyama ana pumzi, nyumba haina. Ndivyo lilivyo pia kaa la moto na kaa wa baharini, na tembo la mnazi na tembo mwenye pembe: katika jozi hizi wenye uhai ndio wenye pumzi. Wataalamu huweka alama, p'aa, k'aa, t'embo, lakini maandishi ya kawaida hayaonyeshi chochote. Nimeandika maneno haya tangu utotoni bila kujua kuwa mdomo wangu ulikuwa ukiyagawa. Ikiwa wewe umekulia bara na tishu yako haionyeshi tofauti, hukukosea. Umepata data ya kwanza ya kuandika.

Kukata maneno ni mazoezi ya dakika tano kila usiku, sina maneno mengi hapo. Chukua hawajatupikia. Ha- ni ukanushi, -wa- ni wao, -ja- ni wakati, -tu- ni sisi, -pik- ni mzizi, -i- ni ile ya kutendea, -a ni kiishio. Mofimu saba, yaani vipande saba vidogo kabisa vyenye maana. Okota maneno kama hayo kwenye taarifa ya habari, ukate mpaka mkono uzoee.

Jambo la nne ni la kufurahisha kuliko yote: tafuta mtoto wa miaka minne. Mwaka 1958 huko Marekani Jean Berko aliwachorea watoto kiumbe mfano wa ndege, asiyekuwepo duniani, akampa jina la kubuni, kisha akawaonyesha wawili ili asikie wingi watausemaje. Jina lilikuwa la uongo, kwa hiyo hakuna mtoto aliyewahi kulisikia kwa mama yake. Wengi wakaweka wingi sawasawa. Mimi nilijaribu na mpwa wangu, Kisauni, nyuma ya risiti ya supamaketi. Nikachora kitu chenye miguu mitatu na upanga wa jogoo. "Hiki ni kitofyo." Akakubali bila ubishi. Hapa Kiswahili kina mtego, kwa sababu ukisema "sasa viko viwili" umeshamvujishia jibu. Kila neno katika sentensi linabeba ngeli. Ikabidi nichore cha pili kimya kimya, nikauliza, "Na hapa mna nini?" Akajibu kabla sijaweka kalamu chini: "Vitofyo!" Nani alimfundisha? Watu wazima waliwahi kufanya hivyo hivyo. Neno kitabu lilitoka Kiarabu, na kule ki ni sehemu ya shina lenyewe, wingi wake ni kutub. Waswahili wakaona ki-, wakaweka vi-, tukapata vitabu.

Kitofyo kile ndicho kitakachokusaidia utakapokutana na jina la Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, na utakutana nalo wiki ya kwanza. Mwaka 1957 mwanasaikolojia B. F. Skinner alichapisha maelezo kwamba lugha hujengeka kwa mazoea na tuzo, kama tabia nyingine. Mwaka 1959 Chomsky akayahakiki kwa ukali. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba mtoto husema asiyowahi kusikia, kwa hiyo lazima kuna kitu anachokuja nacho duniani. Wapo wanaomjibu, mwanasaikolojia Michael Tomasello mmojawao, kwamba mtoto anatumia akili ile ile anayotumia kusoma nia za watu na kuona mpangilio wa mambo, hahitaji kipaji cha pembeni cha sarufi. Ubishi haujaisha. Usiingie darasani ukiwa umeshavaa jezi ya upande mmoja.

Uvue pia imani kwamba lugha ni sauti. Watu wengi, hata waliosoma, hudhani lugha ya ishara ni kuigiza kwa mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ya Nikaragua ilianza kukusanya watoto viziwi katika shule maalumu mjini Managua. Walimu walitaka wajifunze Kihispania kwa kusoma midomo. Watoto, uwanjani na ndani ya basi, wakatengeneza lugha yao ya ishara, na wadogo waliofuata wakaipa sarufi iliyokazika kuliko waliyoikuta. Hapa kwetu Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 120, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ina muundo wake wa sentensi. Si Kiswahili kilichonyamazishwa.

Vifaa ni vichache. Simu yako yatosha, ila pakua programu inayorekodi kwa mfumo wa WAV, maana simu nyingi hubana sauti na kutupa vipande ambavyo utavihitaji. Kwenye kompyuta weka Praat, programu ya kuchunguzia sauti, ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Ni ya bure, na inakuonyesha picha ya sauti, pumzi ile ya p'aa ikiwemo. Zima feni kabla ya kurekodi, hata kama ni mwezi wa pili na jasho linatiririka. Funga dirisha la barabarani: tuktuk moja ikipita imekula sentensi nzima. Usianze dakika kumi kabla ya adhana. Na omba ruhusa kwa maneno yanayoeleweka, kwamba unarekodi, kwa nini, na nani atasikia. Mzee akisema hapana, kunywa kahawa yako, zungumza naye mambo mengine, uende zako.

Tahadhari ya mwisho inahusu kifaa chenyewe. Mwanaisimu William Labov aliyechunguza usemi wa watu wa New York alilieleza tatizo hili: tunataka kujua watu husemaje wasipochunguzwa, na njia ya kulijua ni kuwachunguza. Mimi nilikutana nalo uani kwetu. Nilimwekea bibi simu juu ya kigoda, nikamwomba anieleze anavyopika pilau. Akakaa vizuri, akatengeneza mtandio, akaanza kwa sauti ya redio: "Kwanza unaosha mchele." Mchele! Dakika ishirini, mchele, macho ya moto, chini ya sufuria, hakuna t hata moja. Nikashukuru, nikabonyeza kitufe cha kuzimia, nikaitia simu mfukoni. Bibi akapumua, akanyoosha miguu.

"Haya, umemaliza mambo yako? Nisogezee huo mtele, ndege wataula."